Mkasi na Jina la Kanga

Mavazi yana kazi mbili ambazo aghalabu hugombana. Kazi ya kwanza ni kusitiri. Ya pili ni kusema. Mtu aliyevaa ameufunika mwili wake, lakini papo hapo amefunua mambo mengine: umri wake, cheo chake, msiba wake, furaha yake, hata ugomvi wake na jirani. Kwa hiyo si ajabu kwamba wachoraji na washairi, ambao kazi yao ni kusema, wametamani kuitwaa nguo na kuifanya ukurasa wao. Katika miaka iliyo baina ya vita viwili vikuu vya dunia jambo hili lilionekana kwa nguvu mahali pawili. Paris lilifanyika kwa hariri na fedha nyingi. Katika pwani ya Afrika Mashariki lilifanyika kwa pamba na fedha kidogo. Wahusika wake hawakujuana. Walakini mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja, moja humulika jingine, na swali linalomkabili fundi wa cherehani wa Temeke leo hupata mwanga kutoka mahali pasipotazamiwa.

Paris ianze. Mwaka wa 1924 mshairi wa Kifaransa André Breton alitoa ilani ya kwanza ya usurealisti. Madhehebu haya ya sanaa yalizaliwa na vita vya 1914 hadi 1918. Breton mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi wa udaktari, alihudumia askari walioharibikiwa na akili kwa vitisho vya vita. Yeye na wenziwe waliona kwamba akili ya mchana, iliyojivunia hesabu na mantiki, ndiyo iliyoifikisha Ulaya katika mauaji yale. Wakaigeukia ndoto. Wakafundisha kwamba nafsi ya ndani, isiyotawaliwa na adabu wala mazoea, ina ukweli wake, na kwamba ukweli huo hujitokeza vitu viwili visivyo na udugu vinapokutanishwa. Mmarekani Man Ray alikwisha kuonyesha njia hiyo mwaka wa 1920, alipofunika cherehani kwa blanketi, akaizungushia kamba na kuipiga picha. Picha hiyo ilitokea katika toleo la kwanza la jarida la wasurealisti, Desemba 1924. Cherehani ni kitu kinachojulikana na kila mtu. Lakini ikiisha kufungwa vile huwa kama mzigo wa msafiri, au kama maiti, na mwenye kuitazama hushindwa kuamua.

Aliyeipeleka elimu hiyo katika majumba makuu ya mavazi ni Elsa Schiaparelli, mwanamke wa Kitaliano aliyezaliwa Roma mwaka wa 1890 na kufanya kazi yake Paris. Hakusomea ushonaji. Sweta iliyomletea sifa mwaka wa 1927 ilikuwa nyeusi, na shingoni ilifumwa fundo la utepe mweupe. Fundo lisiloweza kufunguliwa, kwa kuwa halikuwapo isipokuwa machoni. Baadaye alishirikiana na mchoraji wa Kihispania Salvador Dalí. Mwaka wa 1936 likatokea koti lenye mifuko mithili ya mitoto ya meza. Mwaka wa 1937 likatokea gauni jeupe la jioni ambalo Dalí alilichorea kamba koche mkubwa mwekundu. Ikafuata kofia iliyokuwa kiatu cha mwanamke kilichopinduliwa kichwani. Mwaka wa 1938 likaja gauni la kitambaa kilichochapwa michoro kama ya ngozi iliyochanika, na shela yake, ambayo michaniko yake ilifanywa ya kweli kwa vipande vilivyokatwa na kuning'inizwa. Na gauni jeusi ambalo mbavu na uti wa mgongo vilitunishwa juu yake, hata mvaaji akawa amevaa mifupa yake nje ya mwili.

Mtu akipita upesi atadhani kwamba hizi ni kejeli za matajiri waliochoka kuvaa maua. Akitulia ataona maarifa makubwa, na maarifa hayo ni ya mahali. Kamba koche yule hakutiwa begani wala mkononi. Alitiwa mbele ya sketi, akielekea chini baina ya mapaja, mahali ambapo macho yenye adabu hukwepa. Mchoro uo huo ukitiwa katika kitambaa cha meza ni habari ya chakula. Ukitiwa pale ni fumbo la tamaa. Wallis Simpson alipigwa picha na Cecil Beaton amelivaa gauni hilo mwaka wa 1937, katika siku zilizotangulia ndoa yake na mtu aliyekuwa ameacha ufalme wa Uingereza kwa ajili yake, na ulimwengu ukasoma. Hali kadhalika michaniko ya mwaka wa 1938: kitambaani ni ya uongo, shelani ni ya kweli, na katika mwaka ambao Uhispania ilikuwa inachanika kwa vita, hapana aliyehitaji tafsiri. Schiaparelli alijua kwamba mchoro juu ya nguo hauna maana iliyokamilika mpaka ujulikane umekaa wapi juu ya mwili, na mwili huo ni wa nani.

Sanaa hiyo ilikuwa na mpaka wake. Mwenye kuwaza alikuwa mchoraji, na mvaaji alikuwa ukuta wa kutundikia picha. Nguo zenyewe ziliwafikia wanawake wachache wenye fedha. Vita vikaja, ladha za watu zikageuka, na mwaka wa 1954 nyumba ya Schiaparelli ikafunga milango. Ilifufuliwa na wengine baada ya zaidi ya nusu karne. Gauni la kamba koche sasa liko katika makumbusho ya Philadelphia, na yale ya michaniko na mifupa yako London katika makumbusho ya Victoria na Albert. Yanatazamwa na watu wengi kuliko zamani, wala hayavaliwi na mtu.

Sasa pwani. Mwisho wa karne ya kumi na tisa wanawake wa Unguja, Mombasa na miji mingine ya Waswahili walikuwa wamekwisha kuipa sura yake nguo iitwayo kanga, au leso. Inasimuliwa kwamba ilianza kwa vitambaa vya mkono vilivyounganishwa sita sita kuwa nguo moja. Na neno leso lenyewe ni la Kireno. Kabla yake maskini na watumwa walivaa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyotoka Marekani, au kaniki yenye weusi wa nili. Utumwa ulipoondolewa na sheria, Unguja mwaka wa 1897 na Tanganyika mwaka wa 1922, mwanamke aliyevua kaniki na kujifunga kanga hakuwa akifuata mtindo tu. Alikuwa akitangaza kwamba ana haki ya rangi, na kwamba hatambuliwi tena kwa nguo aliyopewa na bwana.

Kanga ina pindo pande zote, ina mji katikati, na ina jina: maneno machache yaliyochapwa juu ya pindo la chini. Uanzilishi wa jina watu humpa mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake zilijulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Hapo mwanzo majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Katika miaka baina ya vita viwili nguo hizi zilichapwa mbali, Uingereza na Uholanzi, India na Japani. Lakini mfanyabiashara aliyeagiza bila kusikiliza wanawake wanapenda nini alibaki na marobota dukani. Kiwanda kilikuwa ng'ambo, na hukumu ilikuwa barazani.

Hapa ndipo pwani na Paris zinapokaribiana bila kupeana mkono. Katika kanga mji waweza kuwa na mananasi, na jina likawa la mke mwenza. Mji waweza kuwa na korosho, au ndege, au taa, na jina likawa la subira, la kisasi, au la shukrani kwa mama. Mchoro haufafanui neno, na neno halielezi mchoro. Vitu viwili visivyo na udugu vimekutanishwa juu ya pamba, na kutokana na mkutano huo hutoka maana ya tatu. Wasurealisti waliitafuta maana ya namna hiyo kwa ilani na mabishano ya mikahawani; wanawake wa pwani waliipata kwa kuchagua doti dukani.

Pamoja na hayo, haifai kusema kwamba kanga ni mtoto wa usurealisti. Hapana mkono wa Dalí ndani yake. Tena sababu zao ni mbali mbali. Msurealisti alitaka kuvunja ukimya wa nafsi ndani ya mtu mmoja. Mwenye kanga alitaka kusema na watu huku akiulinda ujirani. Fumbo, waliambizana wazee, mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Mke aliyeudhiwa na wifi yake hawezi kusimama uani akatukana, kwa maana kesho watakopeshana chumvi. Lakini aweza kujifunga kanga, akapita. Wifi akisoma, amesoma; akiuliza, jibu lipo: hii ni nguo tu, shoga yangu, nimeipenda rangi. Nguo imesema, na kinywa hakina hatia. Jina lilelile limechapwa kwa maelfu, lakini mvaaji ni mtunzi wa pili: yeye ndiye anayechagua siku ya kulivaa na mlango wa kupita mbele yake. Mchoraji wa Paris aliweka kamba koche mahali pake mara moja tu. Mwanamke wa pwani huliweka jina mahali pake kila asubuhi.

Uwezo huo haukuwa mdogo. Mwaka wa 1955 Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika ngoma iliyoitwa Bomba, alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, alipitia vyama vya ngoma, vyama ambavyo wanawake walizoea kushindana ndani yake kwa nyimbo na kwa mavazi. Watu waliokwisha kujifunza kusema pamoja kwa nguo hawakuwa wanagenzi wa kusema pamoja kwa siasa.

Mji ulipopanuka kutoka Kariakoo na Ilala kwenda Magomeni, Kinondoni na Temeke, kanga ilihama pamoja na vyungu na vitanda. Halafu uchapaji wenyewe ukaja nyumbani. Mwaka wa 1968 kiwanda cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China kilifunguliwa Ubungo, ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa katika Kinondoni kabla ya kuwa wilaya ya peke yake. Mbagala, katika Temeke, kikajengwa kiwanda cha Karibu, ambacho nacho kilichapa kanga na vitenge. Katika mwaka uo huo wa 1968, upande wa Oysterbay na Msasani, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora wanyama kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka wa 1972, akaacha jina ambalo limekuwa jina la uchoraji wenyewe. Wachonga vinyago wa Kimakonde, ambao baadhi yao wangali wakifanya kazi Mwenge, walikwisha kuleta mjini shetani zao, viumbe wenye jicho moja na masikio yaliyorefuka, ambao wageni wa Ulaya walipowaona walikumbuka picha za wasurealisti. Ulinganisho huo ulikuwa wa haraka, maana hadithi za viumbe hao zilikuwa zikisimuliwa kabla ya ilani yoyote. Ila unaonyesha jambo moja: pembezoni mwa Dar es Salaam hapakuwa na njaa ya ndoto, wala ya mikono ya kuichora.

Njaa iliyopo leo ni nyingine, nayo huonekana mezani kwa fundi. Alikuwapo Tandika fundi mmoja, mama mtu mzima, ambaye cherehani yake hukaa barazani. Siku moja alifikiwa na msichana kutoka Mwananyamala aliyekuwa karibu kuagwa kwao kwa ajili ya ndoa. Msichana alileta doti ya kanga aliyoachiwa na bibi yake mzaa mama, na katika simu yake picha ya gauni alilolitaka: limebana kiunoni, limekatwa vipande vinane, na herufi zimetawanyika kifuani na mgongoni kama mbegu. Fundi aliikunjua kanga juu ya meza, akaipigapiga kwa kiganja, akasoma kwa sauti: "Japo sipati, tamaa sikati."

"Mwanangu," akasema, "nguo hii yasema haikati, nawe umeiletea mkasi."

Msichana akacheka. "Mama, maneno hayo atayaona nani? Watu watatazama gauni."

"Bibi yako alikuwa hapati nini?"

Msichana akanyamaza. Alijua harufu ya kanga ile, maana aliwahi kubebwa nayo mgongoni. Alijua sanduku ilimokaa na karafuu zilizotiwa ndani yake. Jina alikuwa amelisoma mara nyingi, wala hakupata kujiuliza lilisemwa kwa nani. Fundi akaikunja doti, akamrudishia. "Kaulize kwanza," akamwambia. "Nikiisha kukata, siwezi kurudisha."

Jibu lilikuwa kwa mama mdogo. Bibi alikaa katika ndoa miaka kumi bila mtoto, na nyumba ya wakwe ilikuwa na maneno. Hakujibu hata neno moja. Alinunua kanga ile, akawa kila akienda kisimani huipitisha mbele ya mlango wa mawifi zake, jina likiwa nyuma, linasomwa na wale anaowaacha. Mwaka wa kumi na moja akazaliwa mama yake msichana huyu. Kanga iliyonunuliwa kwa ajili ya utasa ikawa mbeleko ya mtoto, kisha ya mjukuu.

Msichana alirudi Tandika siku ya tatu. "Shikamoo, mama," alisema, akaweka doti mezani, na hakutoa simu. Doti ni kanga mbili zilizo sawa, na hapo fundi akaona nafasi yake. Moja aliiacha nzima iwe mtandio. Ya pili aliikata, akaongeza kitambaa cheusi pale ilipopungua, lakini jina hakuligusa. Alilitoa kama mkanda mrefu, akalishona nyuma ya kiuno, mahali ambapo bibi alilibeba. Gauni lilibana kama lilivyotakiwa, na mtu akiachwa nyuma aliweza kusoma maneno yote manne.

Kisa hiki ni kidogo, na mizani inayohusika ni kubwa kuliko gauni moja. Tangu mwaka wa 2008 Dar es Salaam imekuwa na maonyesho ya mavazi ya Swahili Fashion Week yaliyoanzishwa na mbunifu Mustafa Hassanali, na kukata kanga na vitenge kuwa magauni na makoti kumekuwa biashara ya mafundi wengi. Wako wazee wanaosema kwamba kanga ikikatwa imekufa. Wako vijana wanaosema kwamba kanga ni kitambaa kama vitambaa vingine. Pande zote mbili zimekosa nusu. Nguo isiyokatwa kamwe huishia sandukuni. Na kanga yenyewe, ikiwa ni kweli kwamba ilitokana na leso zilizokatwa na kushonwa upya, ilizaliwa kwa mkasi. Kwa upande mwingine, mwenye kuzitawanya herufi ili ziwe pambo amefanya jambo ambalo wasurealisti wenyewe, kwa ukaidi wao wote, hawakulifanya. Wao walivigombanisha vitu ili viseme. Yeye amelinyamazisha neno ili lipendeze.

Hatari hiyo yazidi kukua kwa sababu uchapaji umerudi tena mbali. Urafiki ilidhoofika, na kanga nyingi zinazouzwa huletwa kutoka India. Umbali peke yake si kosa jipya. Hata kanga za zamani zilichapwa na watu wasiojua lugha. Zamani, hata hivyo, palikuwa na baraza la kuhukumu: wanawake waliosoma jina kabla ya kuuliza bei, wakaikataa kanga yenye neno bovu japokuwa rangi yake ni nzuri. Mtungaji wa kweli wa kanga alikuwa baraza hilo. Likivunjika, mji na pindo vitabaki, na viwanda vitaendelea kuchapa mistari ya herufi pale chini kwa mazoea, kama vile cherehani ya Man Ray ilivyobaki na umbo lake ndani ya blanketi bila kushona kitu.

Dawa haimo katika kukataza mkasi. Imo katika swali la fundi wa Tandika. Fundi anayeuliza jina likae wapi, na kwa nini, anafanya kazi ileile ya Schiaparelli alipoamua mahali pa kamba koche. Tofauti ni kwamba huyu hupokea maana kutoka kwa mteja, hata mteja asipoijua bado. Vyuo vinavyofundisha ushonaji Kinondoni na Temeke hufundisha vipimo, mikato na mishono. Kusoma nguo kabla ya kuikata hakuna gharama, na kungefaa kuwa somo la siku ya kwanza.

Kamba koche wa Philadelphia ana mchoraji anayejulikana na kadi ya makumbusho, na mtu akifa leo habari zake zimekwisha kuandikwa. Majina ya kanga hayana sahihi. Yanaweza kukusanywa kwa maelfu na kupangwa kwa alfabeti, na kazi hiyo ni njema. Lakini orodha husema maneno tu, haisemi mlango. Habari ya mlango ilikuwa kwa mama mdogo peke yake, naye hakuwa ameulizwa na mtu kwa zaidi ya miaka arobaini. Kama angalikuwa amekwisha kufa, doti ile ingalibaki na jina lake safi juu ya pindo, na hapana ambaye angalijua lilisemwa kwa nani.